Vidole vya Nilda

Mwezi wa Mei, Andes. Umande umeganda juu ya majani.
Nilda ana miaka sita na glavu za kaka yake.
Anazivua: "Zinanizuia kusikia."
Anachotaka kusikia ni kiazi.

Jembe langu halina macho. Limekata vitatu
tangu asubuhi, na kilichokatwa hakifiki Agosti.
Basi namwacha atangulie ubavuni mwa tuta,
mikono hadi viwiko, ulimi nje,
atoe kimoja kimoja kama mkunga:
cha zambarau, chenye makunyanzi, na kile kirefu
alichokiita Mjomba Eulogio kwa sababu ya pua.

Mjomba mwenyewe anacheka hadi anakaa chini.

Si kwamba anatuharakisha. La. Anatuchelewesha.
Kila nyungunyungu ana habari, kila jiwe lataka jina.
Lakini guniani mwake hamna chenye jeraha,
na hesabu iliyomliza shuleni
leo anaipiga kwa sauti: kumi vya mbegu,
kumi vya chungu, kimoja cha ardhi, tunakirudisha.

Adhuhuri tunajenga tanuri la madongoa,
tunalichochea hadi liwe jekundu,
tunatumbukiza viazi, tunalibomoa juu yake.
Huyu ndiye aliyekuwa akisukuma sahani wiki nzima.
Sasa anapuliza, majivu kidevuni.
"Nani alikipanda hiki?"

Wewe, namwambia. Novemba.
Ulikuwa unalia, viatu vimejaa tope.

Ananyamaza.
Anakila na ganda lake.