Pengo la Saa Kumi na Moja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Hiki hakina hata mmoja
na bado kinanyoosha njia:
mita mbili na nusu za plastiki ya manjano,
mgongoni paneli za jua, tumboni betri,
na chini ya maji sikio
linalopiga mlio, likingoja mwangwi
kuhesabu vidudu vyekundu
vidogo kuliko punje ya mtama,
chakula cha chakula cha chewa.

Mimi Gunnvor nakichunga kutoka Andenes,
kibandani, nyuma ya ghala la samaki wakavu.
Kwangu ni nukta tu kwenye skrini.
Mwezi wa Julai huku jua halizami,
linazunguka upeo kama mgeni asiyejua kuaga,
nacho chombo hakilali:
kila dakika kumi, kupitia setilaiti,
joto, chumvi, urefu wa mawimbi.
Nyuzi tisa nukta tatu.
Nyuzi tisa nukta tatu.
Nyuzi tisa nukta mbili, nami nashtuka
kana kwamba mtu amekohoa.

Tumekipa jina la mama mkwe wangu, Ågot,
aliyeshuka gatini kila alfajiri
miaka thelathini na mmoja
na ndoo ya bati, kamba, kipimajoto,
akisoma nyuzi kabla upepo haujaziiba,
akiandika kwa penseli, maana wino huganda.
Hakuna aliyemtuma.
Mshahara wake ulikuwa wa kupasua samaki.
Wataalamu walipokuja kutoka Bergen
wakazishika daftari zake kwa glavu nyeupe,
aliwauliza kama mikono yao ni michafu.

Tarehe kumi na nne, kimya.
Saa ya kwanza nikalaumu setilaiti.
Saa ya tatu, meli ya mizigo.
Saa ya sita sikuwa na wa kumlaumu,
nikampigia Eilif mwenye boti ya kasi.
Akakikuta kikielea, kizima kabisa,
na juu ya paneli shakwe wanne
wametulia kama wenye nyumba,
kinyesi chao kimetanda kama chokaa ya sikukuu.
Jua lote la kaskazini, usiku na mchana,
limeshindwa na haja ya ndege!
Eilif akasugua kwa brashi ya choo.
Chombo kikapiga mlio, kikaendelea,
hakikuomba radhi.

Jumapili nikampelekea Ågot grafu
kule Sortland, kwenye nyumba ya wazee.
Huisoma kwa kidole, kama kipofu.
Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda,
kisha kikasimama.
"Hapa mnadanganya," akasema.
Kweli. Palipokosekana namba
kompyuta ilikuwa imetandika mstari,
mnyoofu, safi, kutoka ukingo hadi ukingo.
"Bahari haiendi hivi. Wala mtu."

Nikaona ni zamu yangu kuuliza,
nilichokuwa nimekifunga miaka mingi:
daftari la kumi, tarehe tisa Machi,
ukurasa una tarehe na hauna kitu.
Siku moja tu katika miaka thelathini na mmoja.
Akatazama nje, maegesho ya magari,
mtu akikwangua kutu kwenye baiskeli.
"Siku hiyo sikupima," akasema.
Akaomba kahawa,
nami nikaimimina, nikaimwagia sahani.

Usiku ule, ambao haukuwa usiku,
nikaufuta mstari wa kompyuta.
Bergen watauliza. Waulize.
Nimeacha weupe ule ulivyo,
saa kumi na moja,
na pembeni nimeandika: shakwe.
Yeye hakuandika hata hilo.

Nukta inasogea, magharibi kidogo.
Nyuzi tisa nukta nne.