Pini

Verlene aliitua juu ya meza yangu ya kazi,
imeviringishwa kwenye taulo la jikoni lenye picha za majogoo.
"Itazame," akasema. "Hobart alidai itatuzika sote.
Wamenihamishia zamu ya usiku pale kituo cha mafuta,
na ile barabara ya mgodini, wajua mwenyewe."

Najua. Tangu mgodi ufungwe, bonde letu hili la Kentaki
limejifunza kufunga milango kabla ya saa kumi na mbili.

Niliipima kwanza kwa kiganja.
Kilo moja na ushei, chuma kitupu.
Vijana wanaoingia hapa Jumamosi hutaka plastiki:
nyepesi, wasema, haishiki kutu, haiumizi nyonga.
Sibishani nao, hela yao haina kutu vilevile.
Lakini chuma kina adabu.
Uzito wake hulimeza teke la risasi
kabla halijafika kwenye kifundo cha mkono,
na kikichakaa hukuonyesha pa kutazama.

Niliifungua. Reli za fremu zilikuwa zinang'aa
pale chuma kilipolamba chuma.
Nikapitisha kucha. Nikapitisha wino.
Nikawasha taa ya daktari wa meno niliyoinunua mnadani,
nikatafuta ufa kama mtu atafutaye kosa kwa mkwe.
Hakuna.
Springi imechoka, hiyo ni dola nane.
Miaka thelathini na mmoja, na fremu ningeiapia.

Halafu nikaitoa pini.

Ni kitu kidogo, pini. Ikidondoka utaitafuta kwa sumaku.
Lakini ndiyo inayogonga; bila yake
hayo mengine yote ni nyundo ya bei ghali.
Na hii haikuwa na ncha.

Haikuvunjika. Kuvunjika nakujua:
chuma kilichovunjika kina chembechembe kama sukari.
Hii ilikuwa laini. Hii ilikatwa kwa tupa, polepole,
ikapigwa msasa, ikapakwa mafuta, ikarudishwa mahali pake
na mtu asiyeweza kuacha kazi ikiwa na makovu
hata kazi ya kuharibu.
Tupa zake Hobart alikuwa akizinunua hapa kwangu.

"Umewahi kuifyatua?"
"Zamani, kwenye makopo. Kisha ikakaa kwenye droo ya kitanda.
Miaka kumi na minne nimelala vizuri kwa sababu iko pale."

Miaka kumi na minne.
Nikahesabu kurudi nyuma, nikafikia baridi ile
baada ya kumzika Dewey wao,
Verlene alipokaa ndani hadi theluji ikayeyuka,
na Hobart akawa anakuja dukani, hanunui kitu,
anasimama karibu na hita, anatazama saa ya ukutani,
anaondoka kabla dakika kumi hazijatimia.

Watu huniuliza kila wiki: ipi ya kutegemewa?
Nami huwa na jibu refu sana.

Sikusema neno. Niliiweka pini kwenye kiganja chake.
Akaigeuza. Akaipapasa kwa kidole gumba
pale ambapo ncha ingekuwa.
Nje lori la magogo lilipita, vioo vikatetemeka,
na yeye bado anapapasa.

"Hobart," akasema, kwa sauti ndogo,
kama umkutaye mtu amejificha nyuma ya mlango
wakati ulidhani uko peke yako.

Pini mpya ni dola kumi na mbili. Nilimwambia hivyo
kwa sababu sikupata la maana.
"Badilisha springi," akajibu.
"Na pini?"
Alikuwa ameshaifunga ile ya zamani katika pembe ya taulo,
fundo juu ya fundo, majogoo yamekunjamana.

"Niulize Alhamisi."

Nimeifungia bastola kwenye kabati.
Leo Jumanne. Kabla ya kufunga duka niliipima tena:
kilo moja na ushei.
Kile alichokikata Hobart hakisomeki kwenye mizani.