Ugali wa Zelinda

Zamu ya usiku, Rovigo. Ukungu wa mto Po
umeshuka hadi kwenye magurudumu ya baiskeli.
Nives Bellinazzo anavua pete, ananawa hadi viwikoni,
anavaa koti lenye doa la kahawa
ambalo sabuni zote zimelishindwa.

Ndani ya pipa, lita elfu nne,
wamo vibarua wasiohesabika.
Walikuwa bakteria wa utumbo, makabwela tu,
hadi waliposhonewa jeni moja
ya jamaa yao wa udongoni.
Sasa hawali, hawakui, hawazai.
Wala hawajafa: ngozi zao nzima,
na ndani ya kila ngozi kimeng'enya kimoja
kinarudia kazi moja.
Kuna viwanda huwapasua, wakachuja kimeng'enya,
wakakisafisha kwa pesa nyingi.
Nives hucheka. Mtaka yai, husema, hachinji kuku.

Kinachoingia ni sumu; ukiivuta puani
kichwa kitakuuma kutwa.
Kinachotoka ni unga mweupe, mchungu ulimini,
vitamini B ya tatu, mifuko ya kilo ishirini na tano:
ya mikate, ya nguruwe,
ya vidonge vya watu wanaoogopa uzee.
Na kati ya ile sumu na huu unga
pana molekuli moja ya maji.
Moja.

Mama wa bibi yake aliitwa Zelinda.
Alilima shamba la bwana mmoja huku huku, bondeni,
akala ugali wa manjano asubuhi,
ugali mchana, uliokatwa kwa uzi,
na jioni ugali na samaki mkavu
aliyening'inia juu ya meza;
watu tisa, kila mmoja akimpangusia tonge lake,
samaki akamaliza juma hajaliwa.
Masika jua likamchubua shingo, mikono.
Kisha tumbo. Kisha akili:
alikutwa akizungumza na kisima.
Alifia hospitali ya vichaa, miaka thelathini na moja.
Vitamini ilikuwamo ndani ya punje, imefungwa.
Mbegu zilivuka bahari kutoka Meksiko;
ujuzi wa kuzichemsha kwa chokaa
ukaachwa gatini.

Saa tisa king'ora kinalia: joto limepanda.
Nives anafungua maji baridi, anahesabu
hadi mshale urudi pale anapopapenda.
Kesho hawa waliochoka watauawa kwa mvuke,
pipa lioshwe, waje wapya.
Hawali, hawakui, kazi ni ile ile.
Anasimama mbele ya kidirisha cha kioo
muda mrefu kuliko kazi inavyomtaka.

Kisha anafungua kikopo chake cha chakula:
ugali baridi, umekatwa kwa uzi,
kipande cha jibini,
yai.