Msuko wa Tatu

Mfupa wa kwanza ulivunjika nikimvisha nepi.
Nilisikia tak, kama kijiti cha meno,
nikadhani ni kitanda, hiki chetu cha Buguruni
kinacholalamika hata kikiwa kitupu.
Kisha mwanangu akalia kilio nisichokijua.

Wa pili, alikuwa amekaa tu.
Wa tatu, alipiga chafya.

Bombani mtu akasema, bila kunitazama,
"Siku hizi kuna kina mama wana mikono mizito."
Afisa ustawi akaja na daftari, akaikagua mikono yangu,
mikono ya msusi, mafuta ya nywele hadi kwenye kucha,
haijawahi kumliza hata mteja mwenye kipilipili.
Mama mkwe, Bi Sikudhani, akaleta hirizi.
Mfupa wa nne haukujali hirizi.

Muhimbili, daktari aliiinua picha dirishani.
Mifupa ya mwanangu ilikuwa na rangi ya moshi,
na mistari, mistari,
kama kuta za nyumba ya bondeni baada ya masika.
"Usijilaumu kwa dagaa ambao hukumpa," akasema.
"Shida haikuanzia kwenye chokaa.
Ndani ya mfupa kuna kamba, kolajeni,
nyuzi tatu zilizojipinda pamoja,
na chokaa huishika kama zege linavyoshika nondo.
Katika kila uzi, kila hatua ya tatu,
hukaa punje ndogo kuliko zote,
maana katikati ya msuko hapana nafasi.
Kwa mtoto wako, mahali pamoja tu,
imekaa punje nene.
Basi kamba haikazi."

Tatu. Jina la bibi yangu.
Sikujua linahesabu nini.

Nilimwelewa kabla hajamaliza.
Nimesuka miaka kumi na mmoja chini ya mwavuli wa kampuni ya simu;
fundo moja la rasta likiingia vibaya
msuko mzima hulegea, na mteja hujua usiku wa kwanza.
Lakini mimi hufumua.
Huu, daktari, unafumuliwa wapi?

Hakujibu. Hakuwa akimtazama Tatu tena.
"Baba, hebu geukia mwanga."

Na Kibwana, aliyenyamaza toka asubuhi
kwa kuwa sikio la kushoto halimpi maneno yote,
akageuka.

Weupe wa macho yake si weupe.
Ni buluu ya maziwa yaliyotiwa maji.
Buluu hiyo ndiyo iliyonifanya nimsuke dada yake kwa nusu bei,
nikarefusha kazi ili kaka mtu azidi kusubiri.
Mkono aliouvunja darasa la pili, mguu darasa la nne,
baba yake kuzibwa masikio kabla ya mvi:
tulivijua vyote. Tuliviita utundu. Tuliviita uzee.

"Mkizaa mwingine, ni kama kurusha shilingi."
Hilo alilisikia vizuri.
Usiku ule alilala sakafuni, mbali nasi,
kana kwamba damu huambukiza kwa pumzi.

Sasa tumejifunza kumnyanyua,
kiganja chini ya makalio, kiganja nyuma ya mabega,
kamwe si kwa kwapa.
Chande wa bajaji huyapanda matuta kimshazari,
mdomo wazi, kama aliyebeba trei la mayai.
Kila miezi mitatu kuna dripu;
husaidia mfupa kutunza chokaa yake,
kamba yenyewe haiguswi.

Ana miaka sita. Hukaa kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya mto,
ananigawia rasta.
Jana alimsuka baba yake, nywele zile chache,
Kibwana amepiga magoti mbele yake
na kioo changu cha kazini kikawaonyesha wote wawili,
macho manne, rangi moja.

"Inauma?"
Hakusikia. Akageuza upande wa sikio zima.
"Nimesema, inauma?"

"Kaza," akamwambia.