Aliye Juu

Jumanne, chai yangu haijapoa,
habari ilikwisha kuvuka mto hadi Hoboken:
Malkia wa Puto anafungasha Jumapili.
Maonyesho hamsini na matatu, dola milioni ishirini na sita,
na puto moja la hariri, jekundu, kubwa kuliko nyumba ya mama yangu,
ambalo halikuwahi kupaa siku mbili mfululizo.

Kuna waliocheka. Sifichi, nami nilicheka.
Usiku wa tatu wa majaribio nilikuwa safu ya nyuma kabisa
kamba ilipogoma, na Rosalind Achterberg
akabaki hewani dakika arobaini,
mafundi wakitawanyika chini yake kama siafu waliomwagiwa majivu.
Bendi ilinyamaza. Naye, badala ya kulia,
akauliza kutoka huko juu kama kuna mwenye biskuti,
kisha akaimba wimbo wa mfalme, ambao si wake,
bila ala, mguu mmoja ukipapasa ngazi isiyokuwepo.
Nilitoka nikimwambia kila niliyekaa naye kwenye treni
kwamba nimeona mchezo mbovu kuliko yote duniani.
Wiki iliyofuata nilikata tiketi tena.

Aliye juu mngoje chini.
Wahakiki walingoja, kalamu zimenolewa:
hadithi haina kichwa wala miguu, wakaandika.
Ni kweli. Sehemu ya pili inaanzia Peru
na hakuna anayesema kwa nini.
Wenye fedha walingoja, wakihesabu viti vitupu
kama mtu anavyohesabu meno yaliyong'oka.

Sisi tulikuwa kwenye foleni, mvua ya Novemba, Mtaa wa Arobaini na Tano.
Dorotea Quiñones, muuguzi wa zamu ya usiku kule Bronx,
mara thelathini na moja, vishina vya tiketi kwenye kopo la kahawa.
Wendell, kapanda basi kutoka Ohio saa kumi na mbili
akiwa na kofia ya puto aliyoishona mwenyewe, imelowa, imelala.
Mzee Feld, aliyekuwa tarishi, kanunua H saba na H nane.
H nane huiwekea koti.
Hatukumwuliza.

Tulibishana, maana msiba nao una mabishano yake.
Bei ya tiketi, akasema mmoja. Bango baya, akasema mwingine,
nani angejua ni puto, lilifanana na nyanya.
"Peru," akasema Dorotea. "Mimi Peru ndiyo niliyoipenda.
Mtu anaamka tu, yuko mahali pengine."
Wendell akalia bila kujificha,
na mwanamke mmoja tusiyemjua akampa nusu ya mkate wake.

Jumapili usiku puto lilipaa.
Halikukwaruza, halikusita, lilipaa kama lililopakwa mafuta,
na nadhani wengi wetu tulisikitika kidogo.
Rosalind akafika kileleni, akatazama chini,
akanyamaza pale ambapo hapaswi kunyamaza.

Hakuna aliyetoa amri.
Zilitoka mifukoni, kwenye mikoba, ndani ya soksi ya Wendell:
biskuti, mamia ya biskuti, juu ya mikono iliyonyooshwa,
safu kwa safu hadi kule kwangu nyuma.
Mzee Feld aliinua mbili.
Malkia akaziba mdomo kwa glovu, na kondakta akasubiri,
fimbo hewani, mabega yakimtikisika.

Aliye juu mngoje chini.
Sikuwahi kujua kwamba methali ile
inaweza pia kusemwa kwa upendo.

Jumatatu asubuhi nilipita, sina sababu.
Herufi zilikuwa zikishushwa moja moja; ilibaki ALKI, kisha AL.
Wanaume wanane walikuwa wanahangaika na hariri njiani,
upepo ukiitaka, wao hawajui pa kushika,
na Dorotea, bado na sare ya kazini, macho mekundu ya usingizi,
aliweka mkoba wake chini kwenye lami yenye maji.
"Pindo hilo hapo," akawaambia. "Ingiza chini. Sasa lilazeni polepole."
Wakamtii.
Nikashika kona moja.
Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.