Hesabu ya Jioni

Ogada aliandika orodha nyuma ya risiti ya simenti:
maji safi, choo, kivuli, mlinzi,
mwendo usizidi saa moja kutoka Kisumu
kwa sababu Hawi hutapika saa ya pili ikianza.
Mimi nikaongeza chini, kwa penseli ya nyusi,
neno moja: viboko?

Jumamosi tatu tulizunguka bila hema,
watoto tumewaacha kwa dada yangu Nyamalo,
tukawa kama wachumba wanaotafuta chumba cha kupanga.

Kambi ya kwanza ilikuwa mbele kidogo ya Dunga.
Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta,
bembea mpya, rangi bado inanata.
Meneja akanyoosha mkono kama afunguaye pazia:
"Ziwa hilo hapo, mama. Hatua ishirini."
Nikazihesabu. Zilikuwa kumi na nne.
Na Obiero hatembei, hukimbia.
"Na njia hii iliyolala katikati ya matete,
pana kama mlango wa kanisa, ni ya nani?"
"Wanyama," akasema. "Usiku tu.
Lakini wana adabu zao."

Ya pili, upande wa Usoma:
ndege ikitua, vikombe vinagongana kabatini.
Magugu yamelifunika ziwa kote,
ungeapa ni shamba la sukumawiki,
ungeweza kumtuma mtoto akachume.
Spika zimepangwa ukutani, nyeusi, ndefu.
"Familia nyingi huja hapa," kijana akatuhakikishia,
akisukuma chupa kwa kiatu chini ya meza.

Ya tatu hatukuitafuta.
Tulipita Katito, tukakata kona kuelekea Kusa,
tukasimama kuuliza maji ya radieta.
Mikwaju miwili, choo cha shimo kilichopakwa chokaa,
kibao kilichoandikwa kwa mkono: MAHEMA.
Mwenyewe, Peres Abwao, alikuwa akimenya njugu.
Hakutuonyesha kitu.
"Watoto wangapi?"
"Watatu."
"Wako wapi sasa hivi?"
"Kwa dada yangu."
"Una hakika?"
Nikatoa simu, nikampigia Nyamalo, mbele yake.
"Wakija nitawahesabu jioni," akasema.
"Nawahesabu wote, hata wa wenyewe.
Ziwa liko huko chini, robo saa kwa miguu,
na hakuna ateremkaye bila mimi."

Ogada akaitazama risiti yake.
Stima hakuna. Bembea hakuna. Ziwa lenyewe halionekani.
Akanitazama mimi, akaikunja.

Anajua, ingawa nilimsimulia mara moja tu:
nilikuwa na miaka tisa, nguo zimeanikwa kwenye mawe,
na mama, mgongo ameinama, mikono povu tupu, akauliza,
"Mko wote?"
Nikajibu, "Tuko wote,"
bila kugeuza shingo.

Tulikwenda Desemba.
Hema la kuazima, vigingi kumi na kimoja;
cha kumi na mbili tukachonga mwiko wa ugali.
Awuor akalalamika kwamba hakuna cha kupiga picha,
kisha akapiga picha sabini za ndege mmoja mwekundu.
Mchana tuliteremka ziwani tumeshikana mikono,
maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu.
Vifundo tu. Kwa mwaka huu, vinatosha.

Usiku tochi ikaja, ikapenya kitambaa.
"Mmoja. Wawili. Watatu."
Nikadhani amemaliza.
"Wanne," akammulika Ogada aliyekuwa akikoroma.
Mwanga ukanijia usoni, ukatulia.
"Watano."
Sikumbuki lini mara ya mwisho mimi nami nilihesabiwa.

Mbali huko chini ziwa lilisikika
kama mtu anayeosha vyombo chumba cha pili.
Saa tisa usiku mwiko uling'oka,
ubavu mzima wa hema ukamwangukia Ogada,
na Hawi, gizani, akauliza kama sasa
ni lazima tuhesabiwe upya.