Posta ya Mjerumani

Wajerumani walifungua posta Amu,
miaka miwili na ushei, wakaifunga.
Nyumba ipo. Punda hukojolea ukuta wake.

Mwana Batuli, nyanya wa nyanya yangu,
alimwandikia somo yake wa Langoni:
“Nirudishie mbuzi yangu ya nazi.
Maneno yale, nayarudisha mimi.”

Mlango hadi mlango, hatua mia mbili.
Barua ikapanda meli,
ikaonekana Unguja, ikaonekana Adeni,
ikarudi na mihuri mitatu
na harufu ya makaa ya mawe.

Somo alikuwa na miezi miwili kaburini.

Mbuzi waliileta wanawe, wameifunga kwa leso.
Tunayo mpaka sasa, meno yameliwa na kutu.
Anayekuna nazi kwayo
hasemi neno.